Kaka, meseji za muamala hazitoshi

Shikamoo kaka. Wifi hajambo? Na wanangu, shule inakwendaje?

Nakuandikia hadharani na jina lako silitaji, maana wa aina yako hapa Dar tunao wengi na kila mmoja atajua anasemwa yeye. Ukijitambua, tafadhali usinipigie saa nne usiku kama kawaida yako. Njoo nyumbani tuongee.

Siku ile kwenye kikao cha familia, baba mdogo alipokutania kwamba siku hizi umepoa kiroho, ulitoa simu. Ahadi ya kanisani umemaliza, jengo umemaliza, mavuno umetuma, na meseji za muamala ukazipitisha mkono kwa mkono. Kweli, usharikani hakuna anayekudai hata senti. Nilinyamaza kwa kuwa wakubwa walikuwepo.

Hivyo hivyo walikuwa watu wa Laodikia, wale wa kanisa lililoandikiwa barua kwenye Ufunuo 3. Wahubiri wanapenda kutukaripia kwa ule uvuguvugu wao, lakini mstari unaofuata ndio unaokuhusu wewe: wanasema wao ni matajiri, hawana haja ya kitu. Na hawakuwa wanajitapa bure. Mji ule, ambao magofu yake yako Uturuki ya leo, ulisifika kwa biashara ya fedha na sufu nyeusi. Tetemeko la ardhi lilipoubomoa mwaka 60 B.K., mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anasema waliujenga upya kwa mali zao, bila msaada wa Roma. Watu wa namna hiyo, hata kanisani hawadaiwi. Ila kwenye barua ile Yesu yuko nje ya mlango anabisha hodi. Ufunuo 3:20 tumeuzoea kwenye mikutano ya injili, wanaitiwa ambao hawajaokoka, kumbe walioandikiwa ni washirika kabisa, wa kuwa na namba zao za bahasha za sadaka.

Kinachoniuma hasa ni yule binti anayewasaidia kazi pale Goba. Jumapili nyinyi mnawahi ibada ya kwanza, yeye anabaki anachambua mchele, anafua soksi za shule, anakaanga kuku, ili mkirudi mmejaa Roho mkute meza iko tayari. Nilimuuliza mara ya mwisho kwenda kanisani ilikuwa lini, akacheka tu huku anafuta mikono kwenye kanga. Biblia anayo, jalada kalishona kwa uzi mweusi, inakaa ndani ya begi lake la nguo. Mshahara wake unatoka tarehe 10, mwezi mwingine tarehe 12, na mwezi ukiwa mbaya anaambiwa avumilie kidogo. Ahadi yako ya kanisani haijawahi kuambiwa ivumilie. Kasome Yakobo 5:4, kaka, usome polepole. Pale si mfanyakazi peke yake anayelia. Hata ujira wenyewe uliozuiliwa unapiga kelele, na vilio vya wavunaji vimemfikia Bwana wa majeshi.

Sikwambii uache kutoa, paa la kanisa halijiezeki. Ila imani umeigeuza king'amuzi: mradi kimelipiwa, wewe ni kukaa kwenye kochi.

Utaniambia muda huna, foleni ya Mwenge imekumaliza. Sawa. Lakini jumuiya inasali Jumamosi asubuhi, nyumba ya tatu kutoka kwako. Huko hakuna foleni, kuna mbwa wa jirani tu. Wenzako wanakujua kwa "Amina" zako kwenye kundi la WhatsApp. Yule mama wa genge mnayenunua kwake nyanya anachomwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani, na ulipopata habari ukaandika "Mungu amponye", ukarusha elfu ishirini. Asante kwa hiyo hela, ilisaidia. Ila wanaomsindikiza ni kina mama wasio na gari. Wanabadilisha daladala na mgonjwa, wanakaa kwenye benchi mpaka aitwe, halafu safari ya kurudi anatapika mbele za watu huku konda anapiga kelele wasogee nyuma. Gari lako siku hizo liko kwenye maegesho ya ofisini, limefunikwa turubai lisipate vumbi.

Wiki ijayo anaendelea, Jumatatu mpaka Ijumaa. Chagua siku moja uombe ruhusa kazini, kama ulivyoomba kwa ajili ya ile mechi ya Yanga. Beba ndoo ndogo yenye mfuniko, viti vyako ni vya kitambaa. Usimhubirie njiani. Akitaka kuongea ataongea.

Na kabla ya siku hiyo mlipe binti, pamoja na kile kilichobaki cha mwezi uliopita. Jumapili mpe nauli aende ibada anayoitaka yeye. Chakula mtapika wenyewe. Wifi nimeshaongea naye, kasema wali atapika yeye, kuku utakaanga wewe.