Anayeachiwa kwenye rufaa alishaponea kituoni

Mhariri,

Kila Mahakama ya Rufani ya Tanzania inapofuta kifungo cha miaka 30 cha unyang'anyi wa kutumia silaha, mitaani lawama huwa ile ile: majaji wamemwachia jambazi kwa kijikosa cha karatasi. Naomba nafasi nieleze hivyo vijikosa ni vitu gani, maana vingi hutendeka kituo cha polisi, miaka kadhaa kabla jaji hajalifungua jalada.

Kubwa kuliko yote ni utambuzi. Uporaji mwingi hufanyika usiku, na mara nyingi ushahidi wote ni macho ya aliyeporwa. Tangu shauri la mtu aitwaye Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980, mahakama zetu zinataka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa kwanza. Shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani? Kwa umbali gani? Palikuwa na kitu kilichowakinga? Mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani? Aliwahi kumwona kabla ya siku hiyo? Jalada huishia kuandika "kulikuwa na mwanga wa taa", basi. Kibatari ni taa, na balbu ya umeme ni taa. Na kama tochi alikuwa nayo mporaji akimmulika mlalamikaji usoni, aliyeonekana vizuri ni mlalamikaji.

Mahakama huuliza pia kama shahidi alimtaja mtuhumiwa, au walau kueleza umbo, sura na mavazi yake, kwa mtu wa kwanza aliyekutana naye. Anayesema anamfahamu mporaji tangu utotoni, halafu maelezo yake ya kwanza polisi yakawa hayana jina, amejibomoa mwenyewe. Gwaride la utambuzi, yaani kumchagua mtuhumiwa kati ya watu waliopangwa mstari, halimwokoi. Gwaride lenyewe lina masharti: watu wa kutosha wanaofanana na mtuhumiwa kwa umri na umbo, na shahidi asiwe amemwona mtuhumiwa akiwa chini ya ulinzi. Ukimpitisha mtuhumiwa na pingu mbele ya benchi alikoketi shahidi, gwaride limekufa kabla halijapangwa.

Upande wa mali, si ajabu kukuta simu imekamatwa kweli na kesi ikashindwa. Ili mtu atiwe hatiani kwa kukutwa na mali iliyoibwa karibuni, lazima ithibitike kuwa mali imekutwa kwake, ni ya mlalamikaji bila ubishi, imeibwa siku za karibuni, na ndiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka. "Hii simu ni yangu, naijua" haitoshi, kwani simu za aina hiyo zimejaa madukani. Kinachosaidia ni IMEI, namba ya utambulisho ya simu yenye tarakimu 15, ambayo huonekana ukibonyeza *#06#, ilingane na ile ya kwenye boksi au risiti. Kwa pikipiki ni namba ya chesi na ya injini, pamoja na kadi. Mlalamikaji aeleze alama za mali yake kabla ya kuonyeshwa, si baada. Upekuzi nao uwe na shahidi huru na hati ya ukamataji wa mali iliyosainiwa, kisha kila mkono uliopokea kielelezo ujulikane hadi kinafika mahakamani.

Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikisha polisi baada ya kuonywa kuwa yanaweza kutumika dhidi yake, huanguka kwa saa tu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mtuhumiwa ahojiwe ndani ya saa 4 tangu awekwe chini ya ulinzi, isipokuwa muda umeongezwa kihalali. Muda wa safari kwenda kituoni hauhesabiwi, lakini lazima mtu auandike. Hata yakiandikwa kwa wakati, hati ikipokelewa kuwa kielelezo bila kusomwa kwa sauti mahakamani, mshtakiwa hajui hati inayotumika dhidi yake imesema nini, na kwenye rufaa hati hiyo huondolewa. Hapo wengi hudhani mfungwa ameshatoka. La hasha. Majaji hupima ushahidi uliobaki, na ukitosha, kifungo kinabaki palepale.

Kwa aliyefungwa, kalenda ni kali. Kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu. Kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ni siku 30. Akiwa gerezani, hupitishia karatasi zake kwa mkuu wa gereza. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda kwa sababu ya msingi, ila lazima aieleze kwa kiapo. Ajitahidi kumaliza hoja zake zote za ushahidi Mahakama Kuu, kwa kuwa huko ndiko ushahidi unakopimwa upya. Asiyoyasema huko kwa kawaida hayasikilizwi juu, labda yawe ya kisheria.

Sasa nani anayafahamu hayo yote? Mshtakiwa wa mauaji hupewa wakili na serikali. Wa unyang'anyi wa silaha, kosa lisilo na dhamana, husimama peke yake mbele ya hakimu akimhoji polisi kuhusu gwaride. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa hapa nchini, Arusha, ilisema mwaka 2015, ikarudia 2016, kuwa Tanzania ilikiuka haki ya kujitetea kwa kutowapa msaada wa kisheria watu waliofungwa miaka 30 kwa kosa hili. Tangu Novemba 2020 mtu binafsi hawezi tena kufungua shauri jipya huko dhidi ya nchi yetu, kwa hiyo dawa itoke nyumbani. Nayo ipo: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamruhusu hakimu kuthibitisha kwamba mshtakiwa asiye na uwezo anahitaji wakili. Mahakimu waitumie siku mashtaka yanaposomwa, kabla shahidi wa kwanza hajapanda kizimbani.

Wakili wa kujitegemea,
Mwanza