Barua ya wazi kwa mabibi: zile siku 96

Kwenu mabibi, mama wakwe na mashangazi mnaobaki na wajukuu mama zao wakirudi kazini,

Shikamooni mlionizidi umri. Wengine, wajukuu hawajambo?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84, au 100 akijifungua mapacha. Kliniki nazo zinatuambia mtoto anyonye tu, bila hata maji, kwa miezi 6, yaani siku kama 180. Toeni wenyewe: zinabaki siku 96 ambazo mama yuko kazini na mtoto yuko mapajani mwenu. Hapo ndipo uji unapoingia.

Nawaomba sana, msimpe. Mtoto analia jioni, bibi anasema maziwa hayamtoshi, anakoroga uji mwepesi. Mtoto analala fofofo kwa kuwa tumbo limejaa, na usiku hanyonyi. Titi lisiponyonywa hubaki limejaa, mwili nao hupunguza kutengeneza, na baada ya siku chache maziwa yanakuwa machache kweli. Bibi anaona alisema kweli, kumbe uji ndio uliokausha titi. Kilio si kipimo. Tazameni mkojo, angalau mara 6 kwa siku na usiwe wa njano iliyokolea, na mstari wa uzito unaopanda kwenye kadi ya kliniki. Maji hayahitajiki hata kwenye joto la Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya maziwa ya mama, karibu asilimia 88, ni maji.

Basi mama akamue, na aanze kujizoeza wiki 2 kabla ya kurudi kazini. Anawe kwa sabuni, aweke kidole gumba juu na cha shahada chini, kama sentimita 3 nyuma ya chuchu, asukume kuelekea kifuani ndipo abane na kuachia. Asivute chuchu, atajichubua. Matone ya kwanza huchelewa, asikate tamaa.

Maziwa hayo yakae ndani ya chombo safi chenye mfuniko: si zaidi ya muda wa saa 4 mahali penye ubaridi nyumbani, au siku 4 kwenye friji, ndani kabisa, si mlangoni. Mafuta yakijitenga juu hayajaharibika; zungusheni chombo taratibu. Kupasha, wekeni chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, msibandike jikoni.

Kisha kikombe. Mkalishe mtoto wima, egemeza ukingo kwenye mdomo wake wa chini, inamisha mpaka maziwa yaguse midomo, halafu subiri. Atalamba, atapumzika, ataendelea. Ukimmiminia atapaliwa. Chupa siipendi: mabaki huganda ndani ya chuchu yake, na mtoto akiizoea huweza kulikataa titi.

Kifungu cha 33 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Wengi hawaombi kwa hofu. Watieni moyo waombe. Kazini kukiwa karibu, mpeleke mtoto getini. Kukiwa mbali, mama atumie muda huo kukamua, la sivyo matiti yatavimba.

Mama lishe hana mwajiri wa kumdai. Kwake yeye, likizo ni wewe. Mpelekee mtoto kila baada ya saa 2 au 3, na umsongee ugali wa wateja wakati ananyonyesha.

Mzee mwenzenu