Miezi ya baridi haijafa: barua ya mkulima wa bustani kutoka Leicester

Ndugu Mhariri,

Tafadhali nipatie nafasi katika gazeti lako ili nichangie mada mliyoigusa hivi karibuni katika makala kuhusu maisha ya ndugu zetu walioko ughaibuni. Mwandishi wenu aliieleza miezi ya Desemba hadi Machi katika nchi za baridi kuwa ni miezi iliyokufa, akawashauri wanaoishi huko wakae ndani na kuvumilia mpaka joto lirudi. Aliyoyasema kuhusu upweke na gharama za kupasha nyumba moto ni kweli tupu, nami sina la kuongeza. Ila hilo la miezi iliyokufa silikubali hata kidogo, na kinachonitia nguvu ya kulikataa ni kipande cha ardhi cha mita za mraba 125 hivi ninachokilima pembezoni mwa mji wa Leicester, katikati ya Uingereza, huu ukiwa mwaka wa tisa.

Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, ambako kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo hupakiwa kwenye malori na kushushwa Tanga na Dar es Salaam. Kwa kuwa kwetu mwezi wa Juni na Julai mtu halali bila blanketi mbili, nilidhani naijua baridi. Nilipofika Leicester ndipo nilipoelewa kuwa sikuwa nimeionja. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza yapata saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, na siku linapoonekana hupita chini sana, juu kidogo tu ya mapaa ya nyumba, kama mgeni anayechungulia mlangoni na kuondoka bila kuketi. Miaka miwili ya mwanzo niliishi vilevile kama mwandishi wenu anavyoshauri: kazini, nyumbani, mapazia yamefungwa, na simu mkononi nikisubiri sauti za watu wa nyumbani. Nikiona Novemba inakaribia, moyo ulikuwa unaniwia mzito.

Kilichonitoa ndani ni bustani za kukodi za manispaa, ambazo karibu kila mji wa nchi hii unazo. Pengo moja la makala yenu ni kutozitaja, kwa hiyo naomba niwaeleze wasomaji. Sheria ya mwaka 1908 inazitaka halmashauri za hapa kuwapatia wakazi viwanja vidogo vya kulima chakula cha nyumbani pale mahitaji yanapokuwepo, na wakazi sita waliojiandikisha kupiga kura wakiungana wanaweza kupeleka maombi yao kwa halmashauri, nayo ikalazimika kuyazingatia. Kiwanja cha desturi kina ukubwa wa mita za mraba 250 hivi, na wengi wetu tunachukua nusu. Kodi hulipwa kwa mwaka. Foleni ya kusubiri inaweza kuwa ndefu, na hiyo ndiyo sababu ya kuandikisha jina mapema badala ya kungoja mpaka hamu ikubane.

Jirani yangu kwenye bustani ni mzee wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Kampala, mmoja wa maelfu waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 wakapewa siku 90 za kuondoka. Wengi wao walikuja kukaa Leicester, ingawa halmashauri ya mji ilitoa tangazo katika gazeti la huko Uganda kuwasihi wasije. Siku ya kwanza aliponisikia nikizungumza na dada yangu kwenye simu, aliweka uma wake wa kuchimbia chini, akaja mpaka kwenye uzio, akasema, "Shikamoo ya kwetu sijaisikia siku nyingi." Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yamemlenga machozi. Tangu siku hiyo namwita Babu, naye ananiita mwanangu, na karibu yote ninayoyajua kuhusu kulima katika baridi nimeyapata kwake. Yeye hupanda uwatu, giligilani, vitunguu saumu na mchicha, na Kiswahili chake, chenye lafudhi ya Kampala ya zamani, humjia vizuri zaidi akiwa ameinama kwenye tuta.

Mwaka wangu wa kwanza niliona jua zuri katikati ya Machi, nikakimbilia kumwaga mbegu za mchicha nilizoletewa kutoka nyumbani. Wiki tatu zikapita, haukuota hata mche mmoja. Babu alinikuta nimesimama nikilitazama tuta tupu. Hakunicheka. Aliniambia, "Mwanangu, usitazame jua, shika udongo." Akachota konzi, akaufinyanga, akaufungua mkono: lilikuwa donge moja la mfinyanzi, linang'aa kama limepakwa mafuta, na alama za vidole vyake zimebaki juu yake. Udongo wa huku kwetu ni mfinyanzi mzito, unaoshika maji na kuchelewa kupata joto. Ukiufinya ukabaki donge linalong'aa, ondoka, hata ukiukanyaga tu utauharibu. Ukiusukuma kwa kidole gumba ukamomonyoka, hapo unaweza kuanza kazi. Mchicha unataka udongo wenye joto la nyuzi 18 au zaidi, ilhali udongo wa Machi hapa hufika nyuzi sita au saba tu. Njegere, kinyume chake, hazina shida na nyuzi hizo. Mimi mtoto wa Lushoto, niliyekula njegere tangu nikiwa mgongoni mwa mama, nilikuwa nimeanza na mmea wa watu wa joto nikaliacha zao la kwetu ndani ya pakiti.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kwamba baridi inafanya kazi, na hili ndilo ninaloomba mwandishi wenu alifikirie upya. Kitunguu saumu hupandwa Oktoba au Novemba, tembe moja moja, nacho kinaihitaji baridi ya miezi hiyo ili kijigawe. Kikiikosa kinaweza kuvunwa kikiwa kibonge kimoja tu kisicho na tembe. Miti ya matufaha nayo hailali bure, kwa kuwa isipopata saa nyingi za baridi hushindwa kuchanua vizuri. Madonge ya mfinyanzi uliyoyapindua Novemba ukayaacha wazi hugandishwa na kuyeyushwa mara nyingi, maji yaliyomo ndani yake yakiganda yanatanuka na kuyapasua, na kufikia Machi udongo uliokuwa mgumu kama tofali unavunjika kwa reki. Na sukuma wiki! Ninaomba kila Mswahili aliyeko nchi za baridi aionje iliyochumwa baada ya sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi. Mmea huo hujikinga usigande kwa kugeuza wanga wake kuwa sukari, na majani yake ya Januari, ukiyakatakata na kuyakaanga kwa kitunguu na nyanya, yana utamu ambao sijaukuta mahali pengine popote, hata nyumbani.

Kwa hiyo bustani yangu huanza Februari, tena huanzia ndani, dirishani. Mapema mwezi huo nanunua mbegu za viazi na kuzipanga kwenye trei za mayai, upande wenye macho mengi ukitazama juu, mahali penye mwanga na ubaridi usiogandisha. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili unaona jicho limevimba kidogo. Ya tatu linatoka chipukizi fupi, nene, lenye rangi ya zambarau iliyokolea, ukubwa wa punje ya mahindi, na mtoto wangu wa miaka saba hulihesabu kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Kwenye dirisha hilohilo lina nafasi yake ua dogo ambalo Waingereza wengi hulifuga kwenye vyungu bila kujua lilikotoka. Ni ua la misitu yetu ya Usambara na Tanga. Mjerumani aliyekuwa mtawala wa huko, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona mwaka 1892 na kutuma mbegu zake kwao Ujerumani, na wataalamu wakaliita Saintpaulia kwa jina lake. Huwa linachanua hata theluji ikiwa nje. Nikilimwagilia kwa maji ya uvuguvugu, pembeni tu ili majani yasilowe, nahisi mimi na lenyewe tumetoka kijiji kimoja, na sioni aibu kusema kwamba huwa nalisalimia.

Machi ndio mwezi wenyewe. Mwanga huongezeka kwa dakika nne hivi kila siku, na mtu anayekaa ndani hawezi kuliona jambo hilo kama anavyoliona aliyeshika jembe, ambaye wiki mbili zilizopita alilazimika kuacha kazi saa kumi na moja na nusu jioni na wiki hii bado anaona vidole vyake kufikia saa kumi na mbili. Jumamosi iliyopita nilifika bustanini mapema. Majani yalikuwa yamepakwa sakitu nyeupe, lakini nilipofukua lundo la mboji kwa uma, mvuke ulitoka na kunipiga usoni, na ndani nikakuta minyoo myekundu imejikusanya penye joto. Kidege kidogo chenye kifua chekundu, ambacho hapa humfuata mtu yeyote anayechimba, kilitua juu ya mpini wa jembe langu nilipoliegemeza, kikasubiri nigeuke, kikadokoa mnyoo na kurudi. Nilichimba mfereji wenye kina cha sentimeta tano, nikapanga njegere kwa mstari, nikazifukia na kuukandamiza udongo kwa mgongo wa reki. Kazi ya nusu saa. Nilirudi nyumbani mikono imekufa ganzi na uso unawaka, na nikalala usingizi ambao dawa hainipi.

Sisemi kwamba kila kitu ni rahisi. Majira haya ya machipuko yana udanganyifu wake. Mwaka wangu wa pili nilitoa miche ya maboga nje tarehe za mwanzo za Mei, siku ambayo watu walikuwa wakitembea bila makoti. Usiku huo mbingu zikawa wazi, sakitu ikashuka, na asubuhi miche kumi na miwili ilikuwa imelala chini, majani meusi, laini kama mboga iliyochemshwa. Huku katikati ya nchi sakitu inaweza kurudi hadi katikati ya Mei. Sasa natoa miche mchana na kuirudisha ndani jioni kwa siku kama kumi, mpaka izoee, na maboga hayaoni ardhi kabla ya mwisho wa mwezi huo. Vilevile Aprili na Mei ni miezi ya upungufu, kwa kuwa mboga za baridi zinaanza kutoa maua na kuisha huku mpya hazijakomaa. Waliokulia kijijini wanazijua siku za namna hiyo, ghala linapoanza kuonyesha sakafu na mahindi shambani bado ni mabichi.

Kwa wale wasio na kiwanja, na wanaoishi ghorofani kama nilivyoishi mimi mwanzoni, ndoo iliyotobolewa chini inatosha, au gunia lililojazwa udongo na mboji likasimamishwa kwenye baraza, jinsi wanavyofanya watu wengi wa mijini kwetu. Viazi vya muda mfupi vinavyopandwa mwishoni mwa Machi huvunwa baada ya wiki kumi hadi kumi na tatu. Giligilani na uwatu huota kwenye sinia dirishani. Nawaomba hasa akina mama waliofika karibuni, ambao bado lugha inawapa tabu na hawana pa kwenda mchana, waende kwenye bustani hizi hata kabla ya kupata kiwanja, kwa sababu kule mtu huulizwa amepanda nini kabla ya kuulizwa ametoka wapi.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba ukurasa wenu wa ughaibuni utenge pembe ndogo kila mwezi kwa ajili ya kalenda ya upandaji kwa wasomaji walioko nchi za baridi, ikiandikwa kwa majina ya mimea tunayoyajua wenyewe, kwa kuwa maelekezo yanayopatikana huku hayasemi lolote kuhusu majani ya maboga, mnavu wala kunde. Mimi na Babu tuko tayari kuiandika bila malipo. Yeye ameshaanza na mwezi wa Aprili, kwa mwandiko wake wa mkono, na ameniagiza nikutumie mara tu viazi vitakapoingia ardhini.

Wako mtiifu,

Mkulima wa bustani, mzaliwa wa Lushoto
Leicester, Uingereza