Hanami ya Jumapili: safari hii Asukayama

Wapendwa, salaam. Jumapili tunakwenda kutazama maua bustani ya Asukayama, Tokyo, siyo bustani ya Ueno. Mwaka jana Ueno hata pa kutia mguu hapakuwepo. Tukutane kituo cha Oji saa 4 asubuhi. Mikeka ninayo, viatu tunavua pembeni, kama nyumbani.

Wageni wameniuliza hanami ni nini hasa. Neno lenyewe ni "kutazama maua", basi. Enzi za Nara, miaka ya 700, wakubwa walitazama maua ya ume, jamii ya plamu, mti uliotoka China. Baadaye sakura, yaani maua ya mcheri, ikachukua nafasi, na mwaka 812 Mfalme Saga akafanya karamu ya maua kwenye bustani yake Kyoto. Wakulima nao waliamini mungu wa mpunga hushukia kwenye miti hiyo kabla ya kupanda.

Lakini kwa karne nyingi karamu zile zilikuwa za mabwana. Ndiyo maana naipenda Asukayama: shogun (mtawala wa kijeshi) Tokugawa Yoshimune alipanda sakura hapo miaka ya 1720, akaruhusu watu wa kawaida wale, wanywe na waimbe chini yake.

Maua yakishachanua yote hudumu kama wiki moja tu, na mvua ikipiga ndiyo kwaheri. Kwa hiyo asije mtu akaniambia "wiki ijayo".

Wajapani husema *hana yori dango*, yaani vitafunio kuliko maua. Mama wa vitumbua, umesikia? Matawi hayakatwi, na taka tunarudi nazo. Nani anakuja? Andikeni hapa kabla ya Ijumaa usiku.