Mleta samansi aseme: siku 21 zinaanza leo

Mhariri,

Nanunua mahindi hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa. Mwenzangu sokoni alipokea samansi ya deni la magunia kutoka mahakama ya wilaya, akaikunja ndani ya daftari la mizani kungoja tarehe ya kesi. Alidhani ni kama mahakama ya mwanzo, unajieleza kwa mdomo. Kumbe Sheria ya Mwenendo wa Madai, Amri ya VIII, inataka utetezi wa maandishi ndani ya siku 21 tangu kupokea wito! Ukipitiwa, una siku 7 za kuomba nyongeza, kwa sababu ya msingi, nayo ni siku 10 tu.

Muda wenyewe sina ugomvi nao. Wadaiwa sugu tunawajua. Ila anayeleta wito, hata kama pikipiki inanguruma, amweleze mtu hesabu inaanza lini.

Mnunuzi wa mahindi,
Kibaigwa, Dodoma