Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani: hawa walowezi wa huku Ngara tunawafanyaje?

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Nakuandikia kutoka Ngara mkoani Kagera, huku pembeni kabisa ambako ukipanda kilima unaiona Burundi upande huu na Rwanda upande ule, na simu ikijisahau inakukaribisha Rwanda wakati umekaa kwako unakunywa uji. Naona watu wanabishana kuhusu wahamiaji haramu, hasa hawa tunaowaita walowezi, waliohamia huku zamani wakakaa bila karatasi, wengine wanasema wasamehewe wapewe karatasi, wengine wanataka operesheni nyingine ya kuwaondoa, na wengi ukiwasoma tu unajua hata Nyakahura, hapo njiani kuja huku, hawajawahi kufika. Sasa acha na mimi mwenye majirani niseme.

Jirani yangu ni bibi mmoja, aliletwa hapa mgongoni kwa mama yake wakikimbia yale machafuko ya Rwanda ya 1959. Kakulia hapa, kaolewa hapa na Mhangaza, mwenyeji wa huku, kazaa saba kazika wawili, na Kinyarwanda chake kimeshageuka Kihangaza zamani (lugha zenyewe ni ndugu, mgeni hata hawezi kuzitenganisha). Mwezi wa saba 2013 Rais Kikwete akiwa ziarani Kagera akatoa wiki mbili wahamiaji haramu waondoke, halafu mwezi wa tisa ikaja Operesheni Kimbunga ya kuwakamata na kuwaondoa. Bibi hakuondoka kwa sababu hakujua kama anaongelewa yeye. Akaja kuchukuliwa akiwa shambani anang'oa maharage, wakampitisha daraja la Rusumo kumrudisha Rwanda akiwa na kanga mbili na jembe, jembe lenyewe alikuwa amelisahau mkononi, na ng'ambo hakuwa na hata mtu mmoja anayemjua. Mzee wake akabaki mlangoni siku nzima kama mtu aliyeibiwa. Baada ya kama miezi minne tukamkuta bibi kwake asubuhi anafagia, alipita wapi hakusema na sisi hatukuuliza.

Kwa hiyo Mheshimiwa hili neno msamaha linanikwaza kidogo. Mtu anasamehewe alichokosa, huyu alikosa nini, kubebwa? Na wale watoto wake watano ambao baba yao ni Mtanzania kabisa, mpaka leo wawili hawajapata namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, kila wakienda wanaambiwa mama yenu ana utata, rudini na viambatanisho.

Na hayo mahojiano ya uraia ya huku mpakani, mimi mwenyewe babu yangu kazikwa hapa hapa lakini niliulizwa babu mzaa mama kazaliwa kijiji gani, kaburi lake liko wapi, jamaa anauliza huku ananiangalia pua. Kaka yangu, tumezaliwa tumbo moja ila yeye ni mfupi, alimaliza dakika tano. Tulicheka sana siku ile ila ukikaa ukafikiria haichekeshi.

Watu wa mbali wanadhani kukosa karatasi ni kukosa pasipoti ya kusafiria. Tangu laini za simu zianze kusajiliwa kwa alama za vidole, asiye na NIDA hana laini, asiye na laini hela yake anatunziwa na mtu mwingine, na huyo mtu siku mkikosana hela imeenda, utamshitaki wapi wewe ambaye ukifika kituoni swali la kwanza ni wewe nani.

Lakini kilichonifanya niandike ni vibarua. Huku wanavuka Warundi kuja kupalilia mahindi na kuchuma kahawa, wengine wanarudi kwao msimu ukiisha, wengine wana miaka kumi na tano hawajarudi. Nina baba mdogo, simtaji maana ni mtu mzima na tunakula naye sikukuu, aliwalimisha vijana wanne msimu mzima kwa ahadi ya kulipa mwishoni, siku ya kulipa ikafika akapiga simu mahali, gari likaja, vijana wakaenda, deni likaisha. Na hayuko peke yake, huku huo ni mchezo unajulikana. Sasa mwambie kijana wa hapa aende kudai ujira wa haki wakati kuna mtu anaweza kulimishwa bure! Wanaosema wahamiaji wanashusha bei ya kibarua wanasema kweli, ila kinachoishusha ni hiyo simu ya baba mdogo, na siku Mrundi akiwa na kibali mkononi hiyo simu haina kazi.

Kaka yangu ananibishia, anasema ukiwapa hawa kesho wanakuja wengine. Haya, mbona tulishawapa? Wale Warundi waliokimbia kwao 1972 wakawa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya 160,000, walipewa uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba, na serikali hii hii, na vyeti 2014 alianza kuvigawa Kikwete huyo huyo wa Kimbunga. Leo wanalima tumbaku na mahindi yao kule na wanalipa ushuru, sijasikia kama Tanzania imezama. Kuhusu ardhi nampa haki yake, kuna wenyeviti wa vijiji waligawa mashamba kwa wageni kwa kreti za bia, na wale wa kuingiza ng'ombe mamia kwa mamia kwenye hifadhi hao siwatetei, wakamatwe hata leo. Ila mwenye ng'ombe mia tano ndiye anayejua pa kupita, operesheni ikija inamkuta bibi na maharage yake.

Halafu tusisahau 2017 Watanzania wenzetu walivyofukuzwa Montepuez kule Msumbiji, walirudi wamenyang'anywa kila kitu, na sisi wote tulisema hawa ni watafutaji tu jamani, wahurumiwe.

Ombi langu Mheshimiwa: weka tarehe. Aliyekuwa hapa kabla ya hiyo tarehe na kijiji kinamjua, apewe miezi kadhaa ajitokeze bila kukamatwa, apewe kibali cha kuishi, mwenye ndoa na watoto wa Kitanzania aanze safari ya tajnisi kwa ada ambayo mtu wa migomba anaiweza. Na maombi ya bibi yasikwame kwa cheti cha ndoa, yeye aliolewa kwa pombe ya ndizi na wazee wakiwepo, mashahidi wawili bado wako hai ila wamechoka.

Kuna mwaka walipita watu wakiandikisha walowezi, wakampiga picha, wakachukua vidole, wakampa kikaratasi wakasema subiri. Anacho mpaka leo kwenye mfuko wa nailoni juu ya kenchi, panya wamekula pembe moja. Ukifika Ngara nitakupeleka, ni nyumba ya tatu kutoka kwangu.