Wapeni mwalimu vijana wa makachu

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita kwamba vijana wanaoruka makachu, ile miruko ya sarakasi ya kuingia baharini kutoka ukutani, pale Forodhani ni wahuni, na kwamba ukuta ule ufungwe wasipande tena. Barua yake niliisoma nikiwa ndani ya boti yangu nasubiri abiria wa kisiwa cha Changuu, na hao anaowasema walikuwa mbele ya macho yangu, wanakimbia, wanaruka, wanajipindua hewani mara mbili na kuingia majini. Nina zaidi ya miaka 20 nafunga boti sehemu ile. Wengine nawajua tangu hawajaota meno ya mbele.

Alichoandika kuhusu kelele na mavazi sina ugomvi nacho, hayo yanasemeka na vijana wakasikia. Kilichonichoma ni pale aliposema hajapata kuona mtu aliyefika popote kwa kujipindua-pindua mwili. Mimi namjua mmoja, na nina hakika hata yeye anamjua. Kama ni mtu wa mji huu na umri wake ni kama wangu, basi alimuona senema, au kwenye mkanda wa video sebuleni kwa jirani, watoto thelathini tumebanana kwenye jamvi moja. Ni Jackie Chan.

Sisi tulipenda mateke yake tu, maisha yake hatukuyajua. Mimi nimekuja kuyasoma ukubwani, na nilipoyasoma niliwaona hawa vijana wa ukutani.

Alizaliwa Hong Kong tarehe 7 Aprili 1954, jina lake Chan Kong-sang. Wazazi wake walikuwa wakimbizi kutoka bara la China, baba mpishi, mama mtumishi wa ndani, wote wakifanya kazi katika nyumba ya balozi mdogo wa Ufaransa. Skuli ya kawaida ilimshinda mwaka wa kwanza tu. Baba alipopata kazi ya upishi katika ubalozi wa Marekani kule Canberra, Australia, mtoto aliachwa kwa mwalimu mmoja aitwaye Yu Jim-yuen, aliyekuwa na chuo cha kufundisha michezo ya jukwaani ya Kichina, ile inayochanganya kuimba, kupigana na sarakasi. Mkataba ulikuwa wa miaka 10. Watoto waliamshwa kabla ya jua, wakafanya mazoezi mpaka usiku: kusimama kwa mikono, kupasua msamba, kujipindua kwenda mbele na kurudi nyuma. Na kuanguka. Hili la kuanguka naomba msomaji mwenzangu alitie akilini, kwa sababu kuanguka kuna elimu yake, na yule mtoto alifundishwa kuanguka kwa miaka kabla ya kuruhusiwa kuruka palipo na hatari.

Sisemi kwamba chuo kile kilikuwa kizuri. Watoto walichapwa bakora vibaya, na walichokipata jukwaani kilikwenda kwa mwalimu. Kusoma na kuandika hawakufundishwa ipasavyo, na Jackie Chan mwenyewe amekiri mara nyingi kwamba jambo hilo limemsumbua maisha yake yote. Kwa hiyo mtu asije akadhani naomba vijana wetu watolewe skuli au watiwe mikononi mwa mtu wa fimbo. Nasema tu kwamba walikuwa na mtu anayewatazama.

Alipomaliza, michezo ile ya jukwaani ilikuwa imeshakosa watazamaji. Yeye na wenzake, akiwemo Sammo Hung aliyekuja kuwa maarufu naye, wakaingia kwenye filamu kwa mlango wa nyuma: wakawa watu wa kupigwa. Filamu ya Bruce Lee ya mwaka 1972, adui Mjapani anapopigwa teke la mwisho akaruka na kuvunja ukuta, anayeruka pale si mwigizaji, ni Jackie Chan kwa niaba yake. Mwaka uliofuata, katika filamu nyingine ya Bruce Lee, ni mmoja wa kundi la walinzi, anashikwa nywele na kuvunjwa shingo, basi. Sisi tuliitazama picha ile tukimshangilia steringi, na huyo aliyevunjwa shingo hakuna aliyemuuliza jina.

Bruce Lee akafariki tarehe 20 Julai 1973, ana miaka 32, na kazi za namna ile zikapungua Hong Kong. Jackie Chan akawafuata wazazi wake Canberra akawa kibarua wa ujenzi. Hilo jina la Jackie lilitokea hukohuko: fundi mwenziwe aliitwa Jack, na yeye akaitwa Jack mdogo. Napenda vijana walijue hili. Mtu ambaye leo anajulikana dunia nzima alikuwa amebeba zege, ujuzi wake wote umo mwilini na hakuna anayeuhitaji, mpaka ilipofika simu ya maandishi mwaka 1976 kumwita arudi Hong Kong. Na aliporudi walimtaka awe Bruce Lee wa pili, mkali, mwenye kulipa kisasi. Watu hawakuja kumtazama. Mwaka 1978 tu, alipoazimwa na kampuni nyingine na kuachiwa acheze kwa mzaha, aanguke, aumie, ajishike kidole akipuliza, ndipo watu walipompenda. Na sisi tulimpendea hilo, maana Bruce Lee alikuwa haumii, lakini huyu tulimuona anaumia kama sisi.

Katika filamu moja ya mwaka 1983 alijiangusha kutoka kwenye saa ya mnara, akapasua vitambaa viwili vya kivuli na kufika chini kwa kichwa na mgongo, na kwa kuwa alirudia, filamu yenyewe inaonesha kuanguka kote kuwili. Katika Police Story ya mwaka 1985 aliteleza juu ya nguzo ndefu iliyozungushiwa taa, ndani ya duka kubwa la ghorofa, taa zinapasuka na viganja vinaungua. Katika filamu nyingine, iliyotoka mwaka 1995, alivunjika kifundo cha mguu, akavishwa soksi iliyochorwa ifanane na kiatu na kuendelea na kazi. Kampuni za bima zilimkimbia, kwa hiyo aliunda kikundi chake cha warukaji na akawa anagharimia matibabu yao. Mwaka 2016 Marekani ilimpa tuzo ya Oscar ya heshima.

Lakini mruko nilioukusudia kuusimulia ni ule wa mwaka 1986, Yugoslavia, wakati wa kutengeneza Armour of God. Ulikuwa mruko mdogo, kutoka ukutani kwenda kwenye tawi la mti. Mara ya kwanza aliruka salama. Hakuridhika nao, akataka urudiwe. Mara ya pili tawi lilivunjika, akaanguka kichwa kikagonga jiwe, fuvu likapasuka na damu ikamtoka sikioni. Alipasuliwa hukohuko. Mpaka leo ana kiziba kichwani, na sikio lake la kulia halisikii vizuri. Mtu aliyejirusha kutoka mnarani nusura afe kwa mruko ambao mtoto yeyote wa Mji Mkongwe angeuona rahisi, na aliumia kwenye marudio.

Mtoto wa dada yangu ni mmoja wa waruka makachu. Mwaka jana, siku ya bamvua, bahari inapojaa na kutoka kuliko siku nyingine, alikuwa ameruka tangu alasiri maji yamejaa mpaka karibu na mdomo wa ukuta. Jua likawa linazama, watu wanaanza kujaa kwenye meza za miwa na mishikaki, na maji yalikuwa yameshaanza kutoka. Wanaojua bahari wanajua maji ya bamvua yakitoka hayatoki polepole. Nikamuona anavaa fulana yake. Akaja mgeni mmoja na simu, mruko wa mwisho wa kijana simu yake haikuuchukua vizuri. Akamuomba arudie. Mimi nilikuwa nafunga kamba ya boti, nikapiga kelele, "We! Maji yashatoka!" Akanijibu bila ya kugeuka, "Moja tu, mjomba." Akavua fulana, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya viatu vyake.

Alizama akachelewa kutoka. Alipotoka alikuwa anaogelea kwa mkono mmoja. Bega lilikuwa limehama mahali pake, unaliona kwa macho, na usoni amejaa mchanga. Mgeni yule alikuwa bado ameshika simu juu. Tulimpakia kwenye boti yangu kwa sababu kumpandisha ukutani haikuwezekana, tukaenda kumteremshia pwani. Hospitali tuliyomfikisha tulikaa mpaka usiku mkubwa. Alhamdulillahi, shingo ilisalimika. Miezi mitatu hakuweza kuinua ndoo.

Amesharudi ukutani. Mama yake analia, na mimi sikumkataza, kwa sababu naujua moyo wake na najua pia fedha anazopewa na wageni ndizo zilizolipia sare za wadogo zake. Mkifunga ukuta wa Forodhani wataruka gatini, au kwenye mawe ya Shangani wasipoonekana na mtu. Huko mimi sitakuwepo kuwapigia kelele, wala boti haitakuwepo.

Katika filamu zake nyingi Jackie Chan huweka mwishoni, majina yakiwa yanapanda, vipande vya miruko iliyoharibika: anakosa kushika, anadondoka, anabebwa kwenye machela. Nilimuonesha kijana wangu vipande hivyo alipokuwa amefungwa bega, akavitazama kimya akavirudisha tena. Video za makachu zinazozunguka kwenye simu hazina hata kimoja cha namna hiyo. Mtoto wa Darajani au wa Chake kule Pemba anayezitazama anaona miruko mizuri tu, kisha anakwenda kujaribu pasipo na maji.

Ninachoomba kwa wanaohusika na michezo na wanaosimamia Mji Mkongwe ni kidogo. Apatikane mtu mzima, hata mmoja wa waruka makachu wa zamani ambao sasa wana familia, awe pale kila siku kuanzia alasiri mpaka magharibi, na neno lake la "basi" lisikilizwe na kijana na mgeni pia. Watoto wa skuli za msingi wasiruhusiwe kupanda ule ukuta, wafundishwe kwanza kwenye mchanga. Boti zetu zisipite wanapoangukia. Hili ni letu manahodha, tunakosea, nakiri. Na vijana wenyewe wawe na kibubu cha pamoja, kila anayepewa chochote atie humo kidogo, ili siku mwenzao akiumia dada wa mtu asizunguke nyumba kwa nyumba kuomba nauli ya kumpeleka hospitali. Nimeshazungumza nao, wengi wamekubali. Wanasema wanataka kwanza mtu wa serikali awaambie kwamba hawafukuzwi.

Na uchorwe mstari. Huu ndio ninaoutaka zaidi ya yote. Mstari mwekundu kwenye ukuta, upana wa kiganja, mahali ambapo maji yakiwa juu yake pana kina cha kutosha, na yakishuka chini yake hakuna kuruka hata mgeni akitoa dola mia. Hautaki mtaalamu kutoka nje. Sisi tunaokaa pale tunayajua maji ya bamvua na maji mafu, yale yasiyojaa wala kutoka sana, kwa mwezi mzima, na tunaweza kupima kina kwa kamba na jiwe siku yoyote. Rangi ninayo, ile iliyobaki nilipopaka boti kabla ya kaskazi, na mstari utachorwa kutoka baharini bila ya mtu kupanda ngazi. Ninasubiri ruhusa tu.

Wako,
Nahodha wa boti,
Forodhani, Zanzibar